Vijitabu vya madishi ya safari vinatupoteza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na waagizaji na wauzaji wa madishi ya kukunja, yale yanayouzwa ndani ya begi pamoja na miguu mitatu na waya wake, ambayo siku hizi hayakosekani madukani hapa Arusha. Bidhaa yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kijitabu kilichomo ndani ya begi.

Mimi ni mpishi wa kambi za safari. Kabla ya masufuria nilikuwa fundi dishi hapa Ngarenaro, napanda mapaa ya watu na spana ya 13 mfukoni. Madereva wanalijua hilo, kwa hiyo nikiwa nimeinamia mkaa nageuza chapati huwa naitwa: "Mpishi, hebu njoo mara moja, TV ya watu haionyeshi." Wanaokwama si wageni kutoka Ulaya. Hao wamelipa kuja kumsikia simba wa porini, habari za Simba wa Msimbazi haziwahusu. Wanaokwama ni wenzetu: familia zilizotoka Dar es Salaam na Dodoma likizo ya Desemba, vijana wa ofisi moja waliochanga wakakodi gari, vikundi vya kanisa. Wamebeba hema, wamebeba nyama, wamebeba dishi jipya la sentimita 60. Mechi inaanza saa kumi. Saa tisa na nusu bado wanalizungusha, mmoja kashika kijitabu, mwingine anapiga kelele kutoka kwenye hema: "Bado! Bado! Ilikuja ikapotea!"

Vijitabu hivyo nimevisoma kwa uvumilivu. Lugha hubadilika, Kiingereza cha kukatikakatika au Kichina kitupu, lakini mchoro ni uleule: nyumba ya magurudumu imeegeshwa kwenye majani mabichi, dishi limesimama wima pembeni, mshale unaonyesha kusini. Chini yake maelezo: funga dishi kwenye mwinuko uliopewa, kisha lizungushe taratibu kushoto na kulia mpaka mawimbi yaingie. Kwa mtu aliyepiga kambi nje ya London hayo ni maelezo sahihi kabisa. Satelaiti wanazozitafuta kule, zile za Astra zilizo kwenye longitudo ya nyuzi 28.2 mashariki, kwao ziko kusini mashariki, na zimeinuka juu ya upeo wa macho kwa nyuzi 25 hivi tu. Ndiyo maana dishi lao husimama wima. Ukiyafuata maelezo hayo Seronera, kule Serengeti, utalizungusha mpaka fisi waje kukuchungulia.

Tatizo ni jiografia, wala si akili ya mnunuzi. Satelaiti za televisheni zote zimepangwa juu ya mstari wa ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, na kwa sababu zinakwenda sambamba na mzunguko wa dunia sisi tunaziona zimesimama. Mtu wa Ulaya yuko mbali kaskazini, anauona mstari mzima umelala chini upande wake wa kusini, satelaiti moja pembeni ya nyingine. Akitaka kuhama kutoka moja kwenda ya pili, anazungusha dishi kushoto au kulia. Sisi tumekaa karibu chini ya mstari wenyewe. Kwetu umepita juu ya vichwa kama kamba ya kuanikia nguo, unatoka mashariki, unavuka utosini, unashuka magharibi. Kwa hiyo hapa mtu akitaka kuhama kutoka satelaiti moja kwenda nyingine, anainua dishi au analishusha. Jambo hilo moja halimo katika kijitabu chochote nilichokiona, na ndilo linalowamalizia watu mchana wao.

Nichukue mfano wa Azam TV, kwa sababu ndiyo wengi huibeba safarini kwa ajili ya ligi. Matangazo yake yanatoka kwenye satelaiti za Eutelsat zilizo nyuzi 7 mashariki. Sisi Arusha tuko karibu nyuzi 37 mashariki. Maana yake satelaiti iko magharibi yetu, tena magharibi hasa, ikiegemea kaskazini kwa nyuzi 6 tu, yaani 276 kwenye dira. Mwinuko wake ni nyuzi 55, zaidi ya nusu ya njia kutoka kwenye upeo wa macho hadi utosini. Hakuna kusini hapo. Anayeanza kutafuta kusini ameshapoteza kipindi cha kwanza.

Namna ninavyofanya mimi ni hii. Kwanza naweka miguu mitatu, na kabla dishi halijapanda nahakikisha bomba la katikati limesimama wima kwa pimamaji, mbele na ubavuni. Watu huruka hatua hii kwa sababu ardhi inaonekana tambarare. Bomba likiinama nyuzi 4, namba zilizochorwa nyuma ya dishi nazo zimedanganya nyuzi 4, na kila unapozungusha zinadanganya kivingine. Kisha nalielekeza dishi 276 na kulibana kidogo lisiyumbe. Mwinuko naufunga juu zaidi ya ninaoutaka, tuseme 60, halafu nashuka. Nashuka polepole mno, kwa kugonga kidogo na kungoja sekunde mbili tatu, maana king'amuzi kinahitaji muda wa kutambua kilichokamatwa. Ukishusha kwa pupa unaipita satelaiti king'amuzi kikiwa bado kinafikiri. Hicho ndicho chanzo cha ile kelele ya "ilikuja ikapotea". Nikifika 50 sijapata kitu, nageuza dishi nyuzi 3 kuelekea kaskazini, narudi juu, nashuka tena. Kisha upande wa kusini. Hivyo tu. Dishi likiwa limekaa vizuri na waya ni mzima, kazi hii haizidi muda wa kuchemsha chai.

Wasomaji wasidharau kule kugonga kidogo. Kwenye dishi la sentimita 60, ukingo ukisogea nusu sentimita umehama nyuzi 1. Nyuzi 1 hapa kambini, kule juu ni zaidi ya kilomita 600. Na kwenye nyuzi hizo kuna majirani. SES-5 imekaa nyuzi 5 mashariki na Eutelsat 10B nyuzi 10. Kutoka hapa Arusha, ya nyuzi 5 inaonekana chini ya ile tunayoitaka kwa nyuzi mbili na kitu, karibu kabisa upande uleule wa dira. Dishi dogo lina jicho pana kuliko kubwa: la sentimita 60 huona upana wa nyuzi 3 hivi, la 90 huona kama 2. Hilo linarahisisha kazi ya kutafuta, lakini pia linamkaribisha jirani ndani.

Hapo ndipo watu hudanganyika na ile mistari miwili kwenye skrini. Mmoja ni nguvu, mwingine ni ubora. Nguvu hupanda hata dishi likiangalia paa la jiko langu, kwa sababu LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi, ikipata umeme tu ina kelele yake yenyewe. Nimewahi kuitwa na mzee mmoja wa makamo, mtu mstaarabu, ananiambia: "Mwanangu, mbona nguvu ni asilimia 80 na picha hakuna? King'amuzi kimekufa hiki." Nikamwambia, shikamoo baba, nguvu iache, tazama ubora. Ubora ulikuwa sifuri. Nililiinua dishi kwa upana wa kidole, ubora ukaruka, taarifa ya habari ikaingia katikati ya sentensi. King'amuzi hakikuwa na kosa lolote.

Kitu cha pili ambacho vijitabu vinakosea kwetu ni LNB hiyohiyo. Mchoro unaonyesha alama ya sifuri ikae juu katikati, labda igeuzwe kidogo. Ulaya kidogo inatosha. Kwetu, satelaiti ikiwa imekaa magharibi namna hii, LNB hugeuzwa karibu robo duara nzima. Kwa hesabu ya Arusha ni kama nyuzi 83, na kadiri unavyokwenda kusini mwa nchi inapungua. Mbeya ni kama 71. Ukiiacha kwenye sifuri, mawimbi ya wima yanapokewa na upande wa LNB ulio wa mlalo, na ya mlalo yanapokewa na ule wa wima, na unaweza kuwa umelenga satelaiti sawasawa bila kuona chaneli hata moja. Nimeshuhudia dishi limelengwa vizuri kuliko ningelilenga mimi, wenyewe wamekata tamaa wamefungua muziki kwenye gari, na kilichobaki ni kulegeza skrubu moja na kugeuza kichwa. Kigeuze kwanza robo duara, kisha rekebisha taratibu ukitazama ubora.

Kuhusu dira, simu inatosha kama huna nyingine, lakini usipimie pembeni ya gari. Land Cruiser ni chuma kitupu, inaivuta sindano kwake. Sogea mbali, na kava la simu lenye sumaku livue. Dira ya simu na kipimo cha mwinuko havihitaji mtandao, hivyo programu ya kutafuta satelaiti ipakue ukiwa mjini. Na king'amuzi kilipie ukiwa mjini, tena kiwashe nyumbani uone chaneli zimefunguka. Wapo wanaofika porini na kifurushi kilichokwisha, halafu wanapanda kichuguu wakitafuta mtandao wa kulipia.

Wengine husema hawahitaji dira kwa kuwa magharibi ni kule jua linakozama. Desemba, wakati ndio wengi wako kambini, jua linazama nyuzi 23 hivi kusini ya magharibi yenyewe. Satelaiti iko kaskazini kidogo ya magharibi. Ukilenga machweo ya Krismasi umekosea kwa karibu nyuzi 30. Juni jua limehamia upande wa pili, unakosea kwa 17 hivi.

Lakini jua lina msaada wake, na hapa mafundi wenzangu wataniwia radhi nikitoa siri ya kazi. Mwezi Machi kuanzia tarehe 21 hivi, na Septemba siku chache kabla ya tarehe 23, jua linapita palepale satelaiti ilipo. Kwa Arusha na satelaiti za nyuzi 7 ni karibu saa tisa alasiri. Saa hiyo huhitaji dira wala namba. Geuza dishi mpaka mwanga unaorudishwa na uso wake ukusanyike kwenye kinywa cha LNB, umeshalenga. Usishangae picha ikiganda kwa dakika kadhaa siku hizo saa hiyohiyo: jua limesimama nyuma ya satelaiti na joto lake linaifunika sauti yake. Subiri lisogee. Usiguse nati yoyote. Kila Machi na Septemba nasikia watu wamelitoa dishi mahali pake kwa sababu ya dakika hizo, wakabaki bila TV hadi usiku.

Nije kwenye mahali pa kusimamisha. Mtu wa Mto wa Mbu akiambiwa satelaiti iko magharibi, anautazama ule ukuta wa Bonde la Ufa uliosimama upande huohuo na anafunga dishi lake kwenye begi. Asifunge. Ukuta ule ni mrefu kwa macho, lakini ukiwa kambini hapo chini haufiki nyuzi 55. Mawimbi yanapita juu yake bila kuugusa. Kinachozuia ni mti ulio jirani nawe. Kwa mwinuko wetu, mti uliokuzidi urefu kwa mita 10 uache mita 8 hivi upande wa magharibi, ukipimia kutoka ncha za matawi na si kutoka kwenye shina. Kivuli ni kizuri kwa watu na kwa soda, dishi halikihitaji. Pale kambi ya Simba, juu ukingoni Ngorongoro, kuna mti mmoja mkubwa sana ambao kila mgeni anataka hema lake liwe chini yake. Hema liweke, dishi lipeleke uwanjani.

Upepo nao usisahauliwe. Kambini hakuna ukuta wa kukaza bolti. Ninaning'iniza mfuko wa mchanga au jerikeni la maji katikati ya miguu mitatu, na kila mguu naupigilia kigingi cha hema. Nimeshasema nusu sentimita ni nyuzi 1. Upepo wa Natron hauombi ruhusa kusogeza nusu sentimita. Waya uzike au upitishe mahali watu hawatembei. Fisi wanatafuna waya. Nyani wanauvuta kwa kutaka kujua tu.

Mvua ni habari nyingine, na hapa siwezi kumlaumu mwenye kijitabu. Mawimbi haya yananyonywa na matone makubwa, na dishi la sentimita 60 halina akiba ya kutosha kama la 90 lililo juu ya paa lako nyumbani. Mei 2025, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba na RS Berkane pale Amaan, tulikuwa juani kabisa lakini wingu zito lilikaa magharibi yetu, picha ikawa inavunjika vipande kila linapoongezeka. Mwisho wake mnaujua, sare ya 1-1, kombe likaenda Morocco kwa jumla ya 3-1. Hata hivyo ubora ulikuwa unakaa juu tu ya mstari wa kukatika kwa sababu tulitumia dakika tano za ziada kulilenga dishi mpaka mwisho, badala ya kuacha pale picha ilipotokea kwa mara ya kwanza. Hii ni tabia ninayowaomba wenye madishi waiache. Picha ikitokea si mwisho wa kazi. Endelea kugonga mpaka ubora uanze kushuka, kisha rudi pale ulipokuwa juu kabisa, ndipo ukaze nati, na ukishakaza tazama tena kwa sababu kukaza nako kunasogeza.

Mechi ile pia askari wa kambi alikuwa na redio yake ndogo. Kila jambo alilijua kabla yetu. Mawimbi kupanda hadi satelaiti na kushuka yanachukua kama robo sekunde, halafu king'amuzi nacho kina sekunde zake za kuyachambua. Mkitaka amani kambini, mwenye redio avae spika za masikioni.

Umeme hautoshi kuandikiwa aya ndefu. TV ya volti 12 ya inchi 24 na king'amuzi kwa pamoja havizidi wati 50 sana, hivyo mechi nzima na maneno ya wachambuzi haimalizi hata robo ya betri nzima ya N70. Tumia betri ya pembeni, si ile inayowasha gari.

Wanaobeba DStv wana hesabu tofauti kabisa, na kijitabu kinawaumiza zaidi. Matangazo yao kwa huku kwetu yako nyuzi 36 mashariki. Tazama ramani: Arusha iko karibu nyuzi 37. Satelaiti iko utosini. Mwinuko ni nyuzi 86, na ukitafuta upande, ni kaskazini, wala si magharibi. Dishi linalala chali. Sasa, mabano ya madishi ya kukunja mengi niliyoyashika yanaishia nyuzi 60 au 70, kwa sababu aliyeyatengeneza hakuwaza kwamba kuna mteja anayeishi chini ya satelaiti. Mtu anafunga mpaka mwisho, hapati kitu, anarudi dukani, anaambiwa alilenga vibaya. Hakulenga vibaya. Ameuziwa bano lisilofika. Mafundi hulaza miguu mitatu, wakaweka jiwe chini ya mguu mmoja, na hapo pimamaji halina kazi tena, ni kubahatisha. Muuzaji angeweza kuligundua hili kwa dakika moja ya kulifungua dishi mwenyewe dukani.

Najua kuna atakayesema haya yote yamepitwa, tungoje intaneti ya Starlink. Kenya wanayo tangu Julai 2023 na madereva wanaopita Namanga wanatuletea sifa zake. Ni kifaa kizuri, kinajitafutia chenyewe, kwa sababu satelaiti zake ziko chini, kilomita 550 hivi, tena zinapita mbio, hakuna binadamu wa kuzilenga kwa spana. Kinataka anga wazi tu. Lakini familia iliyokwisha nunua king'amuzi, ikalipia kifurushi, ikanunua na dishi la kukunja, haina sababu ya kuambiwa itupe vyote kwa kukosa karatasi moja.

Karatasi hiyo ndiyo ninayoiomba. Wauzaji, chapeni ukurasa mmoja wa Kiswahili, muuweke juu ya kile kijitabu. Nchi yetu ni kubwa lakini kwa satelaiti moja vipimo havitofautiani sana, vinaenea kwenye ukurasa na nafasi inabaki. Kwa satelaiti za nyuzi 7 mashariki, nikianza na dira kisha mwinuko: Mwanza 275 na 60, Seronera 275 na 57, Arusha 276 na 55, Kigoma 281 na 63, Dodoma 281 na 56, Dar es Salaam 281 na 52, Mtwara 285 na 50, Mbeya 287 na 57. Aliye katikati ya miji miwili achukue namba ya katikati. Si siri ya kampuni yoyote, ni hesabu ya kosaini na tanjenti, mwanafunzi mzuri wa sekondari akipewa latitudo na longitudo atawatolea. Ongezeni mstari mmoja unaosema LNB igeuzwe karibu robo duara, na mwingine kwa herufi kubwa: TAFUTA KWA KUSHUSHA, SI KWA KUZUNGUSHA. Na kwa wenye DStv, semeni wazi dukani kama bano linafika nyuzi 86 au halifiki, kabla hamjapokea pesa.

Kwa wanunuzi nina ombi dogo kando ya hilo. TV kambini iwe ya kutazamwa na waliokaa mbele yake. Hema la jirani lina mtu aliyeamka saa kumi alfajiri kuwawahi chui, na kambi za umma za hifadhini hazina kuta. Goli likiingia shangilieni, hilo hata mimi nitaacha sufuria nije. Matangazo ya biashara ya mapumziko hayahitaji kusikika mpaka getini.

Barua imekuwa ndefu, Mhariri, najua ukurasa wako una mipaka. Ukilazimika kupunguza, kata habari za mpira na za fisi, ila namba za miji ziache zote.

Mpishi wa kambi,
Ngarenaro, Arusha